Ranchi ya kulungu kusini mwa Texas: nilicholipia na nilichopata

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kifurushi nilichonunua ni kile wanachokiita cha dume wa usimamizi: kulungu dume mmoja, umri miaka mitano kwenda juu, pembe zisizozidi ncha nane. Ndani yake kuna kulala, kula, mwongozaji, mchunaji na chumba baridi cha kuning'iniza nyama. Nililipa dola 3,500. Dume wa nyara, yule ambaye kichwa chake kinaishia ukutani, alianzia zaidi ya mara mbili ya hiyo, na kutoka hapo unalipa kwa inchi za pembe zake. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitasema ilikwenda wapi.

Ranchi iko Kaunti ya La Salle, maeneo ya Cotulla, kando ya barabara kuu ya I-35 inayotoka San Antonio kwenda Laredo. Kutoka Houston ni safari ya asubuhi nzima. Jina lake silitaji, kwa sababu zilizo mfano wake ni nyingi na mengi nitakayosema yanazihusu zote. Tangu nitume picha kwenye kundi letu la WhatsApp simu haijapoa, hasa kutoka kwa Wakenya wenzangu. Siwashangai. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mtu wa rika langu anachojua ni majangili na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, basi.

Ukishuka kwenye gari, unahisi unapajua. Mimi ni mtu wa Marigat, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mti wa mathenge! Si uleule wa Baringo, ni ndugu yake, lakini miiba ni ileile na maganda yake yanaliwa na kila mwenye kwato. Katikati umejaa mpungate, na kulungu wanakula vyote viwili. Kwetu mathenge ni laana iliyong'oa meno ya mbuzi. Huku mwenye ranchi anaufyeka kwa vipande na kuacha vingine, ili mnyama apate maficho hapa na malisho hatua chache mbele.

Rafiki niliyekwenda naye, Mtanzania wa Dodoma, alitaka kujua kitalu hiki cha uwindaji kimetolewa na nani, maana kwao ni serikali inayogawa. Hakuna kitalu. Zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi, kwa hiyo unapatana na mwenye ardhi moja kwa moja. Lakini kulungu wa mkia mweupe si wake. Ni mali ya umma wa jimbo hata akizaliwa, akala na kufa ndani ya ua wa mtu mmoja. Anachokuuzia mwenye ranchi ni ruhusa ya kuingia, huduma, na utunzaji wake wa miaka. Kichekesho kilikuwa ng'ambo ya barabara. Jirani ana ua wa futi 8, na ndani yake tuliona pofu, halafu kundi la choroa weupe wenye pembe zilizopinda kwenda nyuma. "Kaka, hawa nao wamefikaje huku?" rafiki yangu akauliza. Wale ni choroa wa Sahara. Mwaka 2000 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na kuanzia 2016 ndipo wakaanza kurudishwa Chad. Texas wako kwa maelfu. Kisheria hao ni wanyama wa kigeni, mali halali ya mwenye shamba, na hawana msimu wa kuwindwa.

Sasa nije kwenye kitu nilicholipia hasa, nacho ni umri.

Pembe za kulungu huyu huanguka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota upya kuanzia Machi au Aprili zikiwa zimevikwa ngozi laini, mpaka karibu na Septemba anapoisugua kwenye vichaka ikachanika. Dume wa mwaka mmoja na nusu, anayebeba pembe zake za kwanza, hawezi kukupa kitu hata awe wa ukoo gani, kwa sababu mwili wake bado unajijenga. Kilele ni miaka mitano hadi saba. Pembe kubwa zinahitaji umri, chakula na ukoo, na katika hivyo vitatu umri ndio pekee ambao mwenye ranchi anaupata bila kutoa hela: asimpige mapema. Na ndiyo kazi inayowashinda wengi. Pale hakuna dume chini ya miaka mitano anayepigwa, hata mgeni awe amelipa kiasi gani, na nilisikia kuna watoto wa mwenye ranchi waliokwisha kuadhibiwa kwa kosa hilo.

Ua wao ni wa kawaida wa ng'ombe, kulungu anauruka bila kufikiri. Dume mmoja anazunguka ekari mia kadhaa, kwa hiyo unayemwacha leo jirani anaweza kumpiga kesho. Ndiyo maana wamekubaliana na majirani wanaopakana nao kwamba wote wafuate umri uleule. Hili niliuliza kabla ya kutoa senti, na ningekushauri uulize. Ranchi za ua mrefu hazina shida hiyo, ila klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, na ambayo ndiyo yenye daftari la pembe kubwa, haiandikishi mnyama aliyepigwa ndani ya ua ambao hawezi kuutoka. Daftari lao la nyakati zote linaanzia alama 170, zinazotokana na vipimo vya inchi, kwa pembe zenye umbo la kawaida. Mimi halinihusu. Lakini mtu akikuuzia nyara ya kuandikishwa nyuma ya ua wa futi 8, anakuuzia maneno.

Tulikwenda Desemba, kwa kuwa kusini mwa Texas kupandana hupamba moto kuanzia katikati ya mwezi huo, wiki kadhaa baada ya sehemu nyingine nyingi za jimbo. Mwongozaji wetu, mzee mmoja mwenyeji wa palepale, alituketisha alfajiri kichakani upepo ukitupiga usoni. Akatoa begani jozi ya pembe zilizookotwa, akazigonganisha, akazikwaruza, akavunja vijiti kwa buti, kisha akanyamaza. Madume wakisikia hivyo hudhani wenzao wanapigania jike. Hata pumzi hazijatulia, akatokea dume wa ncha kumi, pembe pana zilizosimama vizuri mno, akawa anatutafuta kwa pua. Nikaweka kidole tayari. Mzee akatikisa kichwa. Akaninong'oneza nitazame miguu: ilikuwa mirefu kwa mwili ule, mgongo umenyooka, tumbo limepanda juu kuelekea mapajani. Huyu ana miaka mitatu, akasema, tumwache. Mnyama yule alikaa pale muda mrefu mpaka nikaanza kuhisi ananikejeli.

Wetu alikuja jioni nyingine, bila mbwembwe. Shingo imeungana na kifua, mgongo umebonyea, tumbo limeshuka mpaka miguu ikaonekana mifupi, kama beberu mzee wa kwetu aliyechoka na dunia. Vifundo vya miguu yake ya nyuma vilikuwa vyeusi kwa mkojo anaojisugulia msimu huo. Harufu yake niliipata baadaye kwa karibu, na sabuni ya kawaida haiiondoi. Ncha nane nyembamba. Mzee akasema ndiye, nikapiga nyuma ya bega kwa bunduki ya ranchi, aina ya .270, ambayo walikuwa wamenipimisha kwenye shabaha siku ya kufika. Alikimbia kidogo tu, akaanguka.

Thamani ya hela niliiona kwenye banda la kuchunia. Mchunaji alimning'iniza kwenye mzani, akaandika uzito. Mzee akapasua shavu, akatoa taya la chini, akalifuta kwa kitambaa na kunimulikia tochi. Magego yana tabaka jeupe na tabaka la kahawia. Kwa kulungu kijana jeupe ni pana na kali. Kadiri anavyotafuna miaka, kahawia linatanuka na jino linalala bapa. La wetu lilikuwa limelala. Miaka sita na nusu, akaandika kwa wino mzito juu ya mfupa wenyewe, akalifunga kwa waya ukutani. Ukuta wote ni mataya, kila moja na mwaka wake, uzito na vipimo vya pembe. Kusoma meno ni makadirio na hawakuficha hilo, ila ranchi isiyo na ukuta kama ule, au angalau daftari, haijui inachokuuzia.

Idadi ya kuvuna nayo haitoki kichwani. Kila mwaka kabla ya msimu wanahesabu kwa helikopta, na wamejiunga na mpango wa Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas unaojulikana kama MLDP. Humo ranchi hupangiwa idadi ya madume na majike, hupewa lebo zake za kufunga kwenye mzoga, na hupata msimu unaofika mwisho wa Februari. Majike hupigwa pia, na wageni hawapendi kusikia. Lakini mvua ya mwanzo wa mwaka ikikosa na midomo ikawa mingi, pembe hupungua hata uwalishe nini.

Na kulisha wanalisha. Kuna mapipa ya chakula cha vidonge chenye protini, yamezungushiwa uzio mfupi ambao kulungu anauruka na nguruwe pori anabaki nje akilalamika. Hicho ndicho cha pembe. Mahindi yanayomwagwa na mashine asubuhi na jioni ni ya kumleta mnyama mbele yako tu. Hayajengi pembe, na kwenye ardhi binafsi ya Texas sheria inaruhusu kumvutia hivyo. Nilifurahi kuona mifuko waliyonunua imeandikwa kwamba sumukuvu haizidi sehemu 20 kwa bilioni. Kulungu wa Texas anapimiwa mahindi yake, wakati huko nyumbani tumezika watu kwa mahindi ambayo hayakupimwa.

Ile nyota moja. Kwanza, maneno ya mauzo. Usiku, kando ya moto, tuliambiwa kwamba kwa kumwondoa dume mzee wa ncha nane tunasafisha ukoo wa ranchi. Si kweli, na bahati mbaya kwao mimi husoma. Taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Caesar Kleberg, iliyoko Kingsville humohumo kusini mwa Texas, ilifanya utafiti wa miaka kwenye ranchi ya Comanche, ikiwaondoa kwa wingi madume wa pembe duni, na pembe za waliozaliwa baadaye hazikuboreka. Uza kifurushi cha bei nafuu, mimi ninunue, yaishe. Pili, bahashishi. Haimo kwenye bei, na hakuna aliyetuambia mpaka asubuhi ya kuondoka kwamba mwongozaji na mchunaji wanategemea kati ya asilimia 10 na 20. Tatu, hizo inchi. Mgeni mmoja aliyechukua dume wa nyara aliambiwa porini makadirio fulani, utepe ulipopita kwenye pembe bandani akajikuta amevuka daraja la bei. Alilipa, lakini chakula cha jioni kilikuwa kimya. Kama lazima ulipe kwa inchi, patana kiwango cha juu kwa maandishi kabla hujashika bunduki.

Swali jingine la kuuliza ni kama wanaachilia madume waliofugwa zizini. Texas ina wafugaji wa kulungu wenye vibali, na kuna ranchi zinazonunua pembe kubwa kutoka kwao. Ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa kulungu na hauna tiba wala chanjo, ulionekana kwanza Texas mwaka 2012 kwa wanyama wa porini magharibi kabisa ya jimbo, na mwaka 2015 ukakutwa zizini, Kaunti ya Medina. Mimi siwezi kulipia mnyama aliyeshushwa kwenye lori. Hawa wetu hawaachilii.

Kwa walioniuliza kuhusu makaratasi: leseni ya mkazi wa Texas ni dola 25, ya mtu wa jimbo jingine au nchi nyingine ni 315. Aliyezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971 lazima awe amesoma kozi ya uwindaji, na ukiwa na miaka 17 au zaidi unaweza kuimalizia kwenye intaneti. Mwenye green card hana kizuizi cha bunduki kwa sababu ya uhamiaji. Aliye na viza ya muda anakatazwa na sheria ya shirikisho kushika bunduki, isipokuwa awe ndani ya ruhusa zilizotajwa, na leseni halali ya kuwinda ni mojawapo. Asiye na makaratasi asiguse kabisa, hata ya kuazima, hata kwa picha.

Nyama ni yako yote. Haina mafuta, kwa hiyo ukiichoma kama mbuzi inakauka mdomoni. Tuliipika rojo, na vitunguu vingi na ukwaju, watoto wakaomba tena. Kichwa sikukitundika, mke wangu alishasema neno lake juu ya hilo tangu Houston. Nikirudi nitakwenda Januari kwa kifurushi cha majike. Ni dola 500 kwa mmoja, mzee yuleyule anaongoza, na hakuna wa kuleta utepe.