Aidan na Cuthbert: maaskofu wawili wa Lindisfarne

Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, ni kisiwa ambacho maji yakijaa hutengwa na bara. Aidan alifika huko mwaka 635 akitokea Iona, kisiwa cha watawa huko Uskoti, Kiingereza cha wakati huo kikimpiga chenga. Mfalme Oswald wa Northumbria, ufalme wa eneo hilo, mwenyewe akawa mkalimani wake. Aidan alizunguka kwa miguu. Mfalme mwingine, Oswin, alipompa farasi, tena mwenye matandiko ya kifalme, akampa ombaomba njiani! Cuthbert yeye alipenda upweke: mwaka 676 alihamia kisiwa cha Farne, akalima shayiri na kuwakaripia ndege walioila. Uaskofu wa 685 aliupokea kwa machozi. Haikutimia miaka 2, akarudi Farne, akafia huko 687. Kama ningetakiwa kumchagua mmoja kati yao, mimi ningemchagua Aidan, hasa kwa yule farasi.