Mafuta ya kupaka ya nyumba nzima: kipi kishike nafasi ya kwanza bajeti ikibana

Kagua meza ya kioo katika nyumba yoyote ya watu watano hapa Dar. Kuna losheni ya mama, mafuta ya baba ambayo mtu mwingine haruhusiwi kugusa, jeli ya mtoto mdogo, chupa ya binti wa sekondari yenye harufu ya stroberi, na nyuma yake chupa mbili tatu zimepinduliwa kichwa chini zikisubiri kukamuliwa. Hakuna hata moja iliyo ghali. Ndiyo maana bajeti haizioni: shilingi elfu tatu na mia tano leo, elfu sita wiki ijayo, zote zikichomolewa kwenye pesa ya matumizi, ileile inayonunua umeme wa LUKU na mboga ya jioni. Ada ya shule tunaipangia miezi mitatu kabla. Losheni hununuliwa ikiisha, na kila mtu hununua yake.

Mwongozo huu unapanga vitu vya kupaka kwa maswali matatu. Je, kinazuia ngozi kukauka? Watu wangapi ndani ya nyumba wanaweza kukitumia? Na kila mililita inagharimu kiasi gani? Harufu nzuri na chupa ya kuvutia havikupewa alama. Bei hutofautiana kati ya Kariakoo na duka la mtaani kwako, kwa hiyo namba za shilingi humu ni za mfano tu.

Jambo moja kabla ya kufungua pochi. Mara nyingi ngozi inayopauka haidai losheni bora, inadai sabuni nyingine. Sabuni ya mche ni kali, imetengenezwa kwa ajili ya nguo na vyombo. Ukiogea hiyo asubuhi na jioni, kisha ukasugua kwa dodoki mpaka ngozi ilie, utanunua mafuta bila mwisho. Tafuta sabuni ya kuogea iliyo laini, na mwili mzima hauhitaji povu kila mara: kwapa, sehemu za siri na miguu zinatosha, kwingine maji yanafanya kazi.

Nafasi ya kwanza: mafuta ya mgando yasiyo na harufu

Najua wengi mtaguna. Mafuta ya mgando yananata, yanang'arisha uso kama umetoka kukaanga chapati, na ukipanda bodaboda vumbi lote la barabara linahamia kwako. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini karibu yote yanatokana na kupaka mengi na kupaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka.

Mgando hauongezi maji kwenye ngozi. Unaziba njia ili maji yaliyomo yasitoroke, na katika kazi hiyo hakuna losheni ya dukani inayoufikia. Kwa hiyo upake dakika mbili tatu baada ya kuoga, mwili ukiwa na unyevu bado, umejifuta kwa kugusagusa tu. Chukua kiasi cha punje ya harage, kisugue kati ya viganja mpaka kiyeyuke, kisha pitisha mguu mzima. Harage lingine kwa mguu wa pili. Ukiona mng'ao wa kujitazamia, umezidisha. Anayechukia kunata mchana apake usiku, asubuhi aguse viwiko, magoti na visigino tu.

Robert Chesebrough alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya Vaseline, ambayo ndiyo mgando wenyewe, huko Marekani mwaka 1872, na hataza hiyo imekwisha kitambo. Leo kiwanda chochote kinaweza kutengeneza mgando, na ukiwa umesafishwa vizuri, kopo la jina kubwa na kopo la jina dogo hufanya kazi moja. Hapo ndipo akiba ilipo. Angalia tu kwamba ni mweupe au wa njano hafifu, hauna harufu ya mafuta ya taa, na kopo lina jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Ule unaopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na lebo uache, hata kama ni nusu bei, maana hujui umetoka wapi.

Kilichoupandisha kileleni zaidi ni idadi ya vitu unavyofuta kwenye orodha ya manunuzi. Kopo moja ni mafuta ya midomo, dawa ya visigino vilivyopasuka (paka usiku, vaa soksi), kinga ya mtoto wa nepi, na mafuta ya mwili ya yeyote mwenye pumu ya ngozi ambaye manukato humwasha. Halafu haliozi haraka, kwa kuwa ndani hamna maji ya bakteria kuzaliana. Weka kijiko kidogo cha plastiki juu ya kopo ili vidole vitano tofauti visizamishwe humo kila siku.

Nani auruke? Mwenye chunusi na uso wa mafuta, usoni tu. Na anayepika kwa mkaa au kuni ajue kwamba nguo au kanga iliyolowa mafuta haya hushika moto upesi, basi mgando na jikoni visikutane.

Nafasi ya pili: glisirini

Iko duka la dawa, chupa ndogo, bei ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi mjini. Urahisi huo una sababu: glisirini hupatikana kwa wingi mafuta yanapogeuzwa kuwa sabuni, kwa hiyo dunia inayo tele. Soma lebo za losheni za gharama, nyingi utaikuta katika majina ya mwanzo.

Kazi yake ni kinyume cha mgando: huvuta maji na kuyashika. Ndiyo maana haipakwi kavukavu. Ukiipaka tupu kwenye ngozi kavu, hasa Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, hewani hakuna unyevu wa kuvuta, nayo itavuta wa kwako. Matone manne matano kiganjani, maji kidogo juu yake, changanya palepale na upake mwili ukiwa bado umelowa. Pwani inatosha peke yake. Bara, funika kwa mgando kidogo.

Kuna mtindo wa kuchanganya chupa nzima ya glisirini na maji ya waridi, limau na vitu vingine, kisha kuiweka dirishani mwezi mzima. Usifanye. Mchanganyiko wenye maji mengi usio na kihifadhi huharibika, na limau juani huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu inahitaji mwenza. Lakini glisirini na mgando pamoja ni losheni nzuri uliyoilipia kidogo, na kama mwezi umekuwa mgumu kweli, ishia hapa.

Nafasi ya tatu: mafuta ya nazi

Mtu wa Tanga, Pemba au Mafia atauliza kwa nini si ya kwanza. Kwa ubora yangeweza kugombea: utafiti uliofanyika Ufilipino mwaka 2004 uliyalinganisha na mafuta ya madini (yatokanayo na petroli, jamaa wa mgando) kwa watu wenye ngozi kavu, na yote mawili yalisaidia sawasawa. Yanazidi kwa jambo moja kubwa, kwamba yanapenya kwenye unywele, kwa hiyo nyumba yenye mabinti watatu inaunganisha mafuta ya nywele na ya mwili katika chupa moja.

Tatizo ni bei na uchakachuaji. Aliyewahi kukuna nazi, kukamua tui na kulichemsha mpaka mafuta yajitenge anajua nazi ngapi zinaingia kwenye nusu lita. Ukiuziwa nusu lita kwa bei ya nazi mbili, kuna kitu kimeongezwa. Kipimo ni rahisi: mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi joto kama 24 hivi. Weka kidogo kwenye friji kwa saa mbili. Ya kweli yatakuwa meupe na magumu yote. Yakibaki na tabaka la maji maji juu, yaelekea umeuziwa alizeti au mafuta mengine ndani yake. Kwa sababu hiyohiyo wa Mbeya na Njombe msishangae chupa ikiganda Julai, hayajaharibika.

Usoni kwa mwenye chunusi, hapana. Huziba vinyweleo.

Na kwa kuwa tuko kwenye mafuta ya kula: zeituni, ambayo wengi huwapaka watoto wachanga kwa kuamini ndiyo salama kuliko yote, ilionekana katika utafiti wa mwaka 2013 kudhoofisha ukuta wa ngozi badala ya kuujenga. Iacheni kwenye kachumbari.

Nafasi ya nne: losheni, chupa moja kubwa

Losheni ni starehe halali. Inapenya haraka, haichafui shati jeupe la ofisini, na kwenye joto la Februari ndiyo inayovumilika. Ila fahamu unanunua nini. Geuza chupa usome mgongoni. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kikubwa kwanza, na cha kwanza ni aqua, yaani maji. Kisha tafuta fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 1. Kilichoandikwa baada yake nacho aghalabu hakifiki asilimia 1. Sasa rudi mbele ya chupa, kwenye picha kubwa ya kakao, asali au parachichi, halafu uitafute nyuma. Mara nyingi iko mkiani, baada ya kihifadhi, jirani na manukato. Picha ndiyo uliyoilipia.

Losheni nzuri ya bei nafuu ina glisirini katika majina matatu manne ya kwanza, na parafini (yale mafuta ya madini, si mafuta ya taa) au mafuta mengine karibu yake. Basi. Tuseme chupa ya mililita 100 ni shilingi 3,000 na ya 400 ni shilingi 8,000. Ndogo ni shilingi 30 kwa mililita, kubwa ni 20. Ukitaka kujua kwa nini ndogo haikai, madaktari wa ngozi hukadiria kwamba kupaka krimu mwili wote wa mtu mzima hutumia gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Hata ukipaka nusu ya hapo, mililita 100 ni za wiki moja.

Angalia pia mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa ukiwa na 12M ndani yake: ni miezi 12 tangu siku ulipofungua. Chupa ya lita nzima kwa mtu mmoja anayepaka mikono tu si akiba.

Nafasi ya tano: shea

Mafuta mazuri ya kokwa za mti wa shea; ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Yakifika Dar yameshalipiwa safari na kopo la kupendeza. Kama una ndugu Gulu au Lira anakuja likizo, mwagize. Vinginevyo subiri mwezi wenye nafuu.

Yanayoweza kusubiri, na yasiyopaswa kuingia ndani

Seramu, tona, barakoa za karatasi na seti za vipande vitano za usoni zote ziko mkiani. Mwenye chunusi asinunue seti, aende duka la dawa aulize benzoili peroksidi: mrija mmoja mdogo, kazi inayojulikana. Mafuta ya kukinga jua ndiyo pekee nisiyoyakata kwa kila mtu. Kwa mwenye ualbino ni kinga ya saratani, yaingie kwenye bajeti pamoja na unga, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya jua ya Kilisun kwa ajili yao hasa, na hugawiwa bure kupitia kliniki, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa kabla ya kununua. Mwenye madoa ya ujauzito usoni naye anayahitaji. Wengine wetu, mwavuli na kanga vinasaidia sana.

Halafu kuna mkorogo. Hauna nafasi kwenye orodha hii. Muuzaji hatautaja kwa jina. Atasema, “Dada, hii inatoa tu weusi wa jua, haichubui,” na kopo halina orodha ya viambato, au lina haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kama klobetasoli na betamethasoni. Zebaki huharibu figo, na inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Steroidi hukondesha ngozi mpaka ikapasuka mistari. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 kazi ya kuvisimamia iko TBS. Kama tayari unatumia krimu ya steroidi kila siku, usiiache ghafla ili kuokoa hela, kwa kuwa ngozi hulipuka. Mwone daktari akupunguzie taratibu, na gharama hiyo iandike kwenye kasma ya matibabu.

Namna ya kuanza mwezi huu

Usinunue chochote mpaka zilizopinduliwa ziishe. Kata chupa kwa kisu katikati, utashangaa siku ngapi zimebaki ukutani mwake. Kisha weka kasma moja ya vipodozi kwa nyumba nzima, kiasi chochote, na anayenunua awe mmoja. Kopo kubwa la mgando na glisirini kwanza. Kikibaki kitu, losheni moja ya pamoja, ile mnayokubaliana harufu yake. Binti wa sekondari atataka stroberi yake, na akiitaka ainunue kwa pesa yake ya mfukoni. Na kama mko majirani watatu wanaoelewana, dazeni ya bei ya jumla Kariakoo inagawanyika vizuri, mradi mgawane makopo yaliyofungwa na si kumiminiana kwenye chupa za soda.