Wiki nne za kumtafutia kazi farasi mwoga: huduma inafaa?

Huduma yenyewe ni hii: farasi anayeshtukia kila kichaka hukaa kituoni wiki nne, akajaribiwa kazi kadhaa, na mwenye mali akapewa ripoti ya maandishi.

Siku tano za kwanza hapandwi, na hapo ndipo huduma inapopata alama nyingi. Daktari wa mifugo hukagua macho, meno na mgongo, na tandiko hupimwa juu ya mgongo uleule. Akilaza masikio au kutaka kung'ata mkanda wa tumbo ukikazwa, huchunguzwa vidonda vya tumbo kwa kamera. Maumivu mengi yamewahi kuitwa ukorofi. Nafaka hupunguzwa, nyasi kavu huwa kilo 1.5 hadi 2 kwa siku kwa kila kilo 100 za uzito wake.

Kisha safari za njiani, nyuma ya farasi mzee mtulivu, na kipima mapigo kikiwa chini ya mkanda. Farasi aliyepumzika hupiga mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Akishtuka yatapanda tu. Cha kutazama ni yanavyoshuka. Yakishuka upesi, masafa marefu yatamfaa. Yakibaki juu wakati kilichomtisha kimeshapita, usimkabidhi mpandaji mgeni.

Kuswaga ng'ombe ndiko kunakoshangaza wengi. Farasi mwenye jicho kali anapata cha kukodolea: ndama akigeuka, naye anageuka, na woga wake unageuka kazi. Waanze na ndama watatu wapole ndani ya zizi, si kundi zima.

Kasoro kubwa ni gari la kukokotwa, linaloletwa wiki ya tatu. Ni mapema mno. Vifuniko vya macho huficha gari, havifichi mlio wa magurudumu. Anahitaji kwanza siku nyingi za kuburuta tairi, mkufunzi akitembea nyuma na hatamu ndefu. Kibaya zaidi, wahudumu humvua hatamu ya kichwani, yenye vifuniko hivyo, kabla ya kumfungua kwenye gari. Vifuniko vikitoka, analiona gari ghafla mgongoni pake, anakurupuka nalo, na hakuna cha kumzuilia. Hatamu hutoka mwisho, gari likiwa limeshaondolewa.

Chukua huduma, kataa wiki ya gari, na udai jedwali la mapigo ya kila siku. Ripoti inayosema "ametulia" bila namba haimsaidii atakayempanda.