TAHADHARI: "Sensa ya mwanga" ya kupima risasi na zebaki kwenye maji

Wadau wa maabara na wote mnaopima maji, kuna wauzaji mtandaoni wanaonadi kifaa mfano wa kalamu, eti ni sensa ya mwanga inayotambua metali nzito zenye sumu, yaani risasi, zebaki na kadimi, kwa kuchovya tu, bila kemikali yoyote. Msinunue.

Kigeuzeni mtazame ncha yake. Mkikuta vijiti viwili vya chuma, hakuna taa wala kidirisha cha kupitisha mwanga, hicho ni kipima upitishaji umeme, kile kile cha bei nafuu cha kukadiria chumvi zilizoyeyuka. Chenyewe hakijui sodiamu wala risasi, kinachukua zote. Tieni chumvi ya mezani kidogo kwenye maji safi mchovye: namba itapanda, na kwa maelezo ya muuzaji maji hayo yamejaa metali nzito! Tena kioo chake chenyewe kinamuumbua. Kinasoma kwa hatua ya miligramu 1 kwa lita, yaani maikrogramu 1,000, wakati kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha risasi kwenye maji ya kunywa ni maikrogramu 10.

Hilo la "bila kemikali" ndilo linalonikera zaidi. Ioni za risasi, zebaki na kadimi hazina rangi majini, kwa hiyo ili zionekane kwa mwanga lazima pawe na kitendanishi, yaani kemikali ya kuzishika kisha kibadili rangi au king'ae, kiwe kwenye kichupa au kimepakwa kwenye utando wa ncha. Madini ya chuma, kwa mfano, yakikutana na kitendanishi kiitwacho fenanthrolini hutoa rangi ya chungwa iliyokolea, inayosomwa kwenye mwanga wa nanomita 510 hivi.

Anayeuza kitu halali muulizeni kikomo cha utambuzi (kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutambuliwa), pH (kiwango cha asidi) inayofaa, na shaba ikiwemo majini inakuwaje, maana shaba huzima mng'ao wa rangi nyingi za aina hii. Akijibu kwa picha za vyeti tu, achaneni naye. Akikubali kifaa chake kijaribiwe, mpeni sampuli mbili bila kumwambia ipi ina risasi.

Waliokwisha lipia, tunzeni tangazo na boksi mdai fedha zenu kwa kuuziwa kitu tofauti na kilichoelezwa. Na maji ambayo kalamu hiyo iliyapitisha kuwa salama, yapelekeni maabara yapimwe upya.