Eksrei ya meno ya dijitali: nusura ning'olewe gego zima

Mwezi mzima nakunywa maji ya baridi kwa upande mmoja wa mdomo, na joto la Dar mnalijua lenyewe. Upande wa kulia chini, juisi ya miwa ikigusa tu maumivu yanapanda mpaka sikioni. Kliniki ya kwanza jamaa kachungulia na tochi na kale kakioo, kaona gego la mwisho lina weusi juu, kasema limeoza hilo, tung'oe. Nikamwambia dokta ngoja nikajipange, nikatoka nikadaka bajaji.

Dada mmoja wa kazini akanielekeza kwingine, Sinza, wana eksrei ya dijitali. Mi nlijua ntasimamishwa kwenye limashine kama la kupiga kifua, kumbe unakaa palepale kwenye kiti, unavishwa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, wanakuwekea mdomoni kidude bapa chenye waya wanakiita sensa (sio ile ya kuhesabu watu), unang'ata, unasikia tiii, basi. Sekunde chache picha ipo kwenye kompyuta. Dokta ananiambia mwaka 1896 Mjerumani mmoja, Otto Walkhoff, alijipiga picha ya meno akakaa dakika 25. Aisee mi hizo sekunde tu nusura nitapike, kidude ni kigumu, kina kona, kinachoma chini ya ulimi, nikatikisika picha ikaharibika ikabidi turudie. Hawakunichaji mara ya pili, hapo nawapa tano.

Sasa picha yenyewe. Jino linatoka jeupe, palipooza panatoka peusi kwa sababu madini yameliwa na mionzi inapita kirahisi. Lile gego la kung'olewa, zima kabisa! Akalikagua tena kwa macho na kulipuliza upepo, maana anasema picha peke yake haitoshi, tundu changa la juu ya jino linaweza lisionekane, akasema yale ni madoa tu. Mwenye kesi alikuwa jirani yake, kaozea ubavuni pale meno mawili yanapobanana, tochi utamulika mpaka asubuhi hupaoni. Akaikuza, nikaona mwenyewe kivuli kinaelekea kwenye mshipa. Ganzi, akalichimba, akaliziba siku hiyohiyo.

Kuna jingine lina kivuli kidogo, hakijavuka ile ngozi ngumu ya nje, hilo kakataa kulichimba, kasema dawa ya meno yenye floraidi, uzi wa kusafishia katikati ya meno kila usiku, nirudi tulinganishe picha.

Ubaya ni hela. Picha 15,000, bima yangu ikagoma, na foleni nimekaa toka saa mbili mpaka saa sita.

Picha walinirushia WhatsApp. Nikamwonyesha mama, akaigeuzageuza simu weee, mwisho ananiuliza, sasa mwanangu, ya juu ndo yapi hapa?