Uzoefu wangu na rilei ya pini tano kwenye pampu ya maji ya volti 12

Rilei ni swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Hii ni ile ndogo nyeusi ya kwenye magari, imeandikwa 12V 40/30A. Nimeitumia kuipunguzia mzigo swichi ya boya iliyo kwenye tangi, na kwa kazi hiyo naipendekeza bila kusita.

Pampu yangu ya diaframu inavuta ampea 8 ikiwa kazini, na pale inapowaka inavuta mara kadhaa ya hapo, kama mota yoyote ya DC. Swichi ya boya imeandikwa ampea 5. Mfumo wa zamani ulipeleka moto wote wa pampu hadi kwenye tangi, ukapita kwenye boya, ndipo ukarudi kwenye pampu. Betri ikisoma 12.6, kwenye pampu yenyewe nilikuwa napata 10.9, maji yanatoka kinyonge. Hesabu yake haifichi kitu: waya wa shaba wa milimita mraba 1 una ukinzani wa karibu omu 0.018 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 za kwenda na kurudi, kwa ampea 8, zinakula karibu volti 1.4. Kinachobaki kinaliwa na viungo na swichi.

Sasa boya linawasha koili tu, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei unaogeuka sumaku na kuvuta swichi yake. Niliipima koili nikapata omu 90, yaani inavuta kama ampea 0.14, mzigo ambao boya halihisi kabisa, na ule waya mwembamba wa kwenda tangini unatosha. Pampu inapata moto kwa njia fupi: chanya ya betri, fyuzi, pini 30, pini 87 (hizi mbili huungana rilei ikiwaka), pampu. Nilipopima tena nikapata 12.2 kwenye pampu, na kati ya pini 30 na 87, pampu ikizunguka, volti 0.05. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kilichoniridhisha kuliko vyote, maana ndicho kinachokuambia hali ya vikonyo vya ndani, vile vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme, bila kufungua kitu. Kikianza kupanda, ujue vikonyo vimeanza kuungua, badilisha rilei.

Pini 85 na 86 ni za koili. Ya kuangalia kwa makini ni 87a, ile ya katikati: ina moto wakati rilei imezima. Soketi inakuja na waya wake tayari umechunwa ncha, ukiuacha unaning'inia ukagusa hasi, fyuzi inakatika palepale. Ukate mfupi, uufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Na ile 40/30 maana yake ni ampea 40 kwa pini 87 na ampea 30 kwa 87a.

Lalamiko langu kubwa ni soketi. Waya zake zote ni nyembamba sawasawa, za koili na za mzigo, jambo lisilo na maana kwenye rilei inayojitangaza kubeba ampea 40. Nilizichomoa terminali za 30 na 87 kwa nyuma kwa bisibisi nyembamba, nikabana nyingine na waya wa milimita mraba 2.5. Bila hilo unahamisha tatizo tu kutoka kwenye boya kwenda kwenye soketi. Pia haizuii maji. Ifunge pini zikitazama chini, na waya zishuke kwanza chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yasifuate waya hadi ndani.

Kabla ya kununua, soma mchoro ulio ubavuni. Yangu ina rezista sambamba na koili, kwa hiyo 85 na 86 unaweza kuzigeuza. Yenye daiodi, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, haigeuziki, fuata chanya na hasi kama mchoro unavyoonyesha. Isiyo na chochote iongezee daiodi ya 1N4007, mstari wake upande wa chanya. Koili ikikatiwa moto inarusha volti nyingi kwa kufumba na kufumbua, na cheche hiyo hutafuna vikonyo vya boya, vilevile ulivyotaka kuviokoa.

Maji yakiyumba karibu na usawa wa boya, rilei inapiga tik-tik-tik mfululizo. Hilo si la rilei. Refusha kamba ya boya ili liwe na nafasi kubwa kati ya kuwasha na kuzima, litatulia.

Wengine hutumia kale kabodi kenye rilei ya buluu. Imeandikwa ampea 10, lakini mshtuko wa mota kuwaka unaweza kuvigandisha vikonyo vyake, na pampu ikaendelea kusukuma tangi likiwa limejaa.

Kwa anayetumia sola: koili ikikaa imewaka saa 24 inakula karibu Ah (ampea-saa) 3.4 za betri. Pampu yangu inawaka kwa muda mfupi kwa siku, kwa hiyo sioni tofauti kwenye betri. Pampu inayozunguka usiku na mchana kwa betri ndogo, hiyo ningeitafutia swichi ya kielektroniki ya MOSFET.