Soko la Malindi kwa timu ya kupokezana Mlima Kenya: cha kununua huku na cha kuacha

Timu ya watu wanne inayotoka Malindi kwenda kukimbia kwa kupokezana, lango la Sirimon hadi lango la Chogoria kupitia kilele cha Lenana, inaweza kupata sehemu kubwa ya vifaa vyake mjini humu bila kuagiza Nairobi. Sharti ijue inamnunulia nani. Katika mbio hizi kila mtu ana kazi mbili, kukimbia na kungoja. Anayekimbia hutokwa na jasho hata penye barafu. Anayengoja ndiye anayepatwa na baridi, na ajabu ya maduka ya Malindi ni kwamba yanamfaa mngojaji kuliko mkimbiaji.

Hesabu yenyewe ni hii. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Chukua usiku wa Malindi wa nyuzi 27, upandishe hadi kambi ya Shipton iliyo kama mita 4,200, unabaki na sufuri, na hapo upepo haujaanza. Kipande cha kwanza, kutoka langoni (mita 2,650) hadi kambi ya Old Moses (mita 3,300), ni kama kilomita 9 za barabara ya gari na kinakadirika vizuri. Kipande cha pili, Old Moses hadi Shipton, ni kama kilomita 14, na hapo makadirio huvunjika: mkimbiaji akianza kuumwa na kichwa, muda wake waweza kuwa mara mbili ya mliotarajia. Muda huo wote mpokezi wake amekaa juu ya jiwe. Wanaoota kukimbia njia za kale za Inka kule Peru wasidhani mambo ni tofauti, kwani pito la Warmiwañusca nalo liko karibu mita 4,200, kwa hiyo vifaa ni vilevile.

Kabla ya kutoa pesa, amueni jambo moja: nguo za kungojea ni za kituo, si za mtu. Anayeondoka anavua koti, anayefika na jasho lake analivaa lilelile likiwa bado na joto. Vituo vya kupokezana ni vitatu, basi nunueni seti tatu, si nne, na zote ziwe kwa kipimo cha mtu mkubwa kuliko wote. Timu nyingi hununua kila mtu na lake, kisha koti la aliyefika linakuwa limebaki kituo cha nyuma alikoanzia.

Tuanze na pale Malindi inapoongoza: maduka ya vifaa vya bodaboda. Lile koti zito la kujaza wanalovaa waendeshaji alfajiri ndilo koti la kungojea. Tazama zipu kwanza. Ya plastiki yenye meno makubwa hufunguka hata kwa vidole vilivyokufa ganzi, ila ile nyembamba ya chuma huganda na kushika kitambaa. Suti ya mvua ya plastiki nzito, koti na suruali, nayo haina mpinzani kwa bei yake, kwa mngojaji tu. Haipitishi mvuke, kwa hiyo anayekimbia nayo atalowa kwa jasho kabla mvua haijamfikia, na jasho hilo litamgeukia akisimama. Ipime dukani: pindua mkono wa koti nje ndani, ushike penye mshono, mimina maji kidogo na usubiri dakika moja. Mshono uliochomwa kwa joto hauvuji. Uliopigwa cherehani tu, bila mkanda wa kuziba, utaona matone. Muuzaji akikataa maji yasimwagike dukani, nenda kwa jirani yake.

Nguo za ndani ya koti tafuta kwenye mitumba. Sweta nene na flisi hazigombewi sana Pwani, kwa hiyo nafasi ya kupatana ipo. Tatizo ni kwamba lebo mara nyingi imekatwa, na pamba ndiyo adui: ikilowa inakaa na maji na kuunyonya mwili joto. Omba ruhusa, vuta uzi mmoja kwenye pindo, uwashe kiberiti. Sufu hunuka kama nywele iliyoungua na kuwa majivu yanayovunjika. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Pamba huwaka kama karatasi. Chukua mbili za kwanza, ya tatu mwachie mwenyewe. Kikoi, pamoja na heshima zake zote, ni pamba, kwa hiyo kibaki kambini.

Raba za mitumba ndizo zinazohitaji macho zaidi. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa kwa sababu kilikaa kabatini miaka, na huko ndiko kilikofia. Povu la soli ya kati likiwa la poliurethani huliwa taratibu na unyevu na joto, na hewa ya bahari ina vyote viwili. Linabaki na umbo lake mpaka siku linapobeba uzito kwa saa kadhaa, ndipo linapomeguka vipandevipande. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa soli: likirudi polepole au likiacha unga, weka chini. Kunja kiatu mbele. Kinapaswa kujipinda penye vidole, si katikati ya wayo. Meno ya soli yawe kati ya milimita 4 na 6, kwa kuwa njia ya Sirimon ina vinamasi na juu ya Shipton ni changarawe inayoteleza. Mbele ya kidole kirefu kibaki upana wa kidole gumba. Anayechukua kipande cha mwisho cha kushuka Chogoria asilegeze sharti hilo hata kidogo, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi.

Ukishanunua, mpelekee fundi viatu, lakini mwambie unachotaka. Mafundi wengi, kwa nia njema, watashona soli pande zote. Kwenye kiatu cha ngozi ni sawa. Kwenye raba ya wavu, matundu ya sindano yaliyopangana kama ya stempu ndipo kitambaa kitakapochanikia. Omba gundi kwanza: sehemu zote mbili zisafishwe na kukwaruzwa kwa msasa, zipakwe, ziachwe dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kikigusa kisinate, ndipo zibanwe. Usizivae kabla ya saa 24. Kama lazima kushona, iwe puani tu, pale soli inapoanza kubanduka. Maji yataingia, lakini huko kiatu kitalowa vyovyote vile.

Mifuko ni kazi ya fundi turubai, na hapa hakuna cha kulalamikia. Mwombe mfuko mmoja kwa kila kituo, sentimita 70 kwa 40, mdomo wa kukunjwa mara tatu na kufungwa kwa bizimu mbili, mshono wa kukunja mara mbili kama wa tanga. Rangi iwe kali, chungwa au njano, kwa sababu mfuko wa kijivu ukiwekwa penye mawe wakati wa ukungu hauonekani hata ukiwa hatua tano. Ndani yake weka kipande cha mkeka wa yoga, sentimita 40 kwa 30, cha kukalia. Kitu hiki hupuuzwa, ilhali jiwe hunyonya joto la mwili kwa kasi kuliko hewa. Sponji ya godoro isitumike, inakunywa maji.

Mfuko huo unahitajika kwa sababu nyingine pia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi. Zile katoni za chupa za maji zinazouzwa supamaketi za Barabara ya Lamu zitaishia langoni. Nunueni chupa za kujaza tena, zenye mdomo mpana, kwani mdomo mwembamba ndio unaoanza kuziba kwa barafu.

Chakula ndicho alama ya juu kabisa ya soko hili. Mkimbiaji anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na gramu 80 za tende kavu zinatoa karibu 60. Toeni kokwa nyumbani, maana tende hukakamaa kwenye baridi, na jino lililogonga kokwa kwenye mita 4,500 halina daktari. Mlimani hamu ya chakula hupotea na utamu hukinaisha, kwa hiyo beba kitu kichachu. Ukwaju uliokandwa na sukari kidogo na chumvi hushuka pale tende zinapokataa. Mabuyu ya rangi yanafaa wakati wa kungoja. Kumung'unya mbegu huku unahema mbio ni kujitafutia kukabwa. Kashata ya njugu ni nzuri kituoni kwa sababu mafuta yake huchelewa kusagika. Halwa tuiache kwa sherehe ya kurudi, samli yake huganda na bonge linakuwa kama mshumaa mdomoni. Madafu wengi huyasifia kama dawa ya jasho, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linaondoa zaidi sodiamu. Tumia vipakiti vya chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, na usome maandishi: vingine ni vya nusu lita, vingine vya lita nzima. Ukikosea, kinywaji kitakuwa na chumvi maradufu na tumbo litakigomea. Chai ya tangawizi iingie kwenye chupa ya chai ikiwa bado inachemka chini, kwa sababu Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 tu na hupoa haraka.

Tochi za kichwa: hapa soko linadanganya waziwazi. Betri ya kuchaji ya saizi ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh (kipimo cha umeme inaobeba) ni uongo, kwa kuwa halisi haifiki hata nusu ya hapo. Jaribu nyumbani: chaji ijae, washa mwanga wa juu, pima muda hadi ufifie, kisha chukua nusu ya muda huo kuwa ndio wa mlimani, kwani baridi hupunguza nguvu za betri. Tochi wanazotumia wavuvi usiku ni imara na hazisumbuliwi na maji, ila ni nzito kichwani kwa kukimbia. Nazo ni za mngojaji. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na ngozi.

Duka la dawa litakuwa na asetazolamidi, kwa sababu ndiyo dawa ya presha ya macho. Kinga ya kawaida ya ugonjwa wa mlimani kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, na vidonge vingi ni vya 250, hivyo hukatwa nusu. Aonwe daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Itakukojoza na kukufanya vidole vitekenye, hilo si ugonjwa. Lakini dawa haichukui nafasi ya siku za kuzoea: mpokezi wa Shipton anatoka usawa wa bahari kwenda penye hewa ya kama asilimia 60 ya ile ya ufukweni, basi apande kwa siku tatu, alale Old Moses kwanza, na akishavuka mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa siku anapoweza. Toka Old Moses hadi Shipton tayari kunavuka kiwango hicho, ndiyo maana usiku wa pili Old Moses si uvivu.

Kipima oksijeni cha kidole kinauzwa pia, ila kinapewa imani kubwa mno. Kidole cha baridi hutoa namba ya uongo, na kucha yenye piko jeusi au rangi vilevile. Tumia kidole kisichopakwa, kipashwe joto kwanza. Namba za themanini na kitu ni za kawaida katika urefu huo kwa mtu anayejisikia vizuri. Kipimo bora hakiuzwi: mwambie mwenzako atembee mstari mnyoofu, kisigino mbele ya vidole. Akiyumba, au akihema akiwa amekaa, mbio zimekwisha kwake na anashushwa papo hapo, hata kama ni usiku.

Firimbi nunua duka la michezo, isiyo na gololi ndani, kwa kuwa mate huigandisha gololi. Wakimbiaji wa Inka, machaski, waliokuwa wakipokezana habari na khipu, kamba za kumbukumbu zenye mafundo, katika mtandao wa barabara wa Qhapaq Ñan wenye zaidi ya kilomita 30,000, walipuliza kombe la bahari wakikaribia ili mpokezi awe tayari, na huyo alikuwa akingoja ndani ya kibanda alichojengewa. Fanyeni vivyo hivyo: mlio mmoja mrefu mkimbiaji akiona mfuko wa chungwa, na mpokezi anavua koti hapo, si dakika kumi mapema. Milio sita kwa dakika ni ya hatari, isichezewe.

Kilichokosekana Malindi ni glavu za maana, fimbo za kutembelea na blanketi jembamba la karatasi ya fedha. Glavu za ujenzi zinazouzwa hadwea hazina joto. Nanyuki kuna wanaokodisha glavu na fimbo. Fika mchana, funga na ufungue kila kikaza fimbo, kisha egemea kwa uzito wako wote kabla ya kulipa, maana fimbo inayoteleza dukani itakuangusha kwenye changarawe ya Lenana.